Kidirisha cha Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Mama mwenzangu unayeishi na kijana mwenye kompyuta, soma hili kabla hujashika kitambaa.

Binti yangu wa kati anachora ramani za nyumba. Huu ni mwaka wa pili tangu amalize chuo, na kazi hana. Mwezi uliopita ofisi moja ikampa jaribio: achore zahanati, kurasa tano, azipeleke Ijumaa saa sita mchana. Wakizipenda, wanamwajiri. Nyumba nzima tukawa tunanyata.

Jumatatu kompyuta ikaanza vituko. Anachora, kioo kinaganda, kinakuwa cheusi, mashine inajizima na kujiwasha. Kazi ya saa nzima imekwenda na maji. Tukamwita fundi, jirani yetu tunayemwita Miwani. Akaifungua, akapuliza.

"Mama, vumbi lote hili, mnalima humu ndani?"

"Tunasubiri mvua tu," nikamjibu.

Lakini akasema ugonjwa si vumbi. Ni draiva, yaani kijiprogramu kinachoiambia kompyuta namna ya kuonyesha picha. Jumapili binti aliiruhusu mpya iingie, na mashine yetu ni ya zamani, haziivi chungu kimoja. Akaitoa mpya, akarudisha ya zamani. Siku ile binti alichora mpaka magharibi bila kikwazo.

Mimi neno nililobaki nalo ni vumbi. Kuanzia kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, wenzangu wamelala, naipangusa ile mashine. Kitambaa kikigusa kipanya kioo kinawaka, na pembeni pana kidirisha kinauliza jambo. Mimi nimeishia darasa la saba, maandishi yale ya kigeni siyajui. Ila kulikuwa na kitufe kimoja cha buluu kinang'aa. Nakibonyeza, kidirisha kinaondoka, kioo kinakuwa safi. Nilikihesabu kama vumbi jingine.

Jumanne ikaganda. Miwani akaja, akatoa, akarudisha. Jumatano vilevile. Binti macho yamemwiva. Alhamisi akamvaa fundi wa watu.

"Kaka, kama hujui si useme? Kila ukiondoka, kesho yake imekufa."

"Dada, naitoa kwa mikono yangu hii. Kuna mtu anairudisha."

"Nani, jini?"

"Jini hana ratiba," akasema Miwani. Akafungua orodha ya vitu vilivyoingizwa, akasoma taratibu. "Draiva mpya imeingia Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi. Jumatano, saa kumi na mbili na dakika nane. Leo, saa kumi na mbili na robo. Zote asubuhi. Humu ndani nani anaamka saa hizo?"

Kitambaa kilikuwa begani kwangu. Binti alishageukia mlango wa mdogo wake, amepandisha pumzi amwite kwa ukali.

"Mwache mwenzio," nikasema. "Ni mimi. Kuna kidirisha kilikuwa kinauliza, nikakijibu."

Binti akanitazama, kisha akakaa kitako sakafuni.

"Kwa hiyo mama," akasema Miwani, "sisi tunajenga mchana, wewe unabomoa asubuhi." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akairudisha draiva ya zamani mara ya nne, akaizuia mashine isiulize kitu kwa siku kadhaa.

Ijumaa saa sita binti akapeleka kurasa nne. Wa tano, wa paa, ulikuwa nusu.

Baada ya siku tano wakampigia. Mkono wake wameupenda, walisema, lakini zahanati haina paa, wamemchukua mwingine. Akasema ahsante, akaiweka simu mezani polepole kama anaweka yai.

"Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mama. We futa meza tu."

Hayajaisha. Bado anatafuta kazi, na mimi kila nikimwona anavaa viatu kwenda kuuliza, naukumbuka ule ukurasa wa paa. Ndiyo maana nakuandikia. Usibonyeze kitu usichokielewa, hata kama unasaidia. Mwite mwenye kompyuta.

Leo asubuhi kile kidirisha kimerudi. Nilisimama na kitambaa changu mpaka miguu ikaniuma, ndipo binti akatoka chumbani akipiga miayo.

"Kuna kitu kinakuuliza," nikamwambia.

Akakisoma, akakifunga, akarudi kulala.