Zaire Ilivyopimwa Ujiji

Nassib alikuwa na ugonjwa wa kupima nchi. Wengine huzeeka na bao, wengine huzeeka na kuwashuku majirani uchawi. Yeye alistaafu ukarani wa bandari pale Kigoma, akarudi zake Ujiji na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na tangu hapo mataifa makubwa hayakupumzika. Watu wakishaswali Alasiri, alikaa kwenye baraza ya duka, akatoa mfukoni kokwa za chikichi na kuzimwaga sakafuni. Hapo kila mtu alijua kuna nchi itakayoaibika leo.

Upimaji wake ulikuwa na sheria. Kila nchi ilipewa kokwa kwa mambo matano: ardhi yake, watu wake, mali yake ya mgodini na viwandani, jeshi lake, na marafiki zake wakubwa. "Anayesema Marekani ina nguvu kwa sababu ya mabomu tu," alikuwa akisema, "ni sawa na anayesema fulani tajiri kwa sababu ana koti." Urusi aliinyang'anya kokwa ule mwaka iliposambaratika, na alifanya hivyo kwa huzuni ya kweli. China aliilundikia nyingi, akasema ngojeni tu mtaona, watu wakamcheka. Wafaransa na Waingereza aliwaweka sawasawa ili watu wapate la kubishania. Kahawa ilipoa, mwuza kahawa akapasha nyingine, na wala hakulalamika, maana ubishi huleta kiu. Walimwita Waziri wa Mambo ya Nje, naye alijifanya hapendi.

Ambalo hakulisema barazani ni kwamba alikuwa akichelewa kuondoka makusudi. Nyumbani hakukuwa na mtu. Binti yao Tausi aliolewa Tabora, na mkewe Semeni alikuwa ng'ambo ya ziwa, Uvira ya Zaire, alikozaliwa. Alikwenda kiangazi kilipoanza kumwuguza mama yake, bibi mzee ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Nassib alikuwa akijipikia. Ugali wa mtu mmoja una matatizo yake: ukiupika mdogo unaungua, ukiupika mkubwa unakusimanga hadi asubuhi. Alipokuwa akioga, aliiacha redio inasema chumbani, ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Mwaka ule wa tisini na sita, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, habari za vita ng'ambo zikaingia Ujiji. Waasi wako milimani juu ya Uvira, wanasaidiwa na majirani. Barazani wakamgeukia Waziri. Nassib akamwaga kokwa zake, akaipima Zaire polepole, mbele ya watu wote. Ardhi, rundo. Watu, rundo. Shaba, almasi na dhahabu, rundo ambalo liliporomoka kwa wingi. Jeshi, nusu rundo. Marafiki, wakubwa wa Ulaya na Marekani kwa miaka thelathini, rundo tena. Upande wa pili akaweka kokwa chache tu, zilizoenea kwenye kiganja.

"Ukivikunja pamoja vile vinchi havijazi mkoa mmoja wa Zaire," akasema. "Tembo hauawi na sisimizi."

"Lakini mzee, umesahau kitu cha sita," akasema Eliakimu, bwana afya aliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma, kijana wa upole ambaye naye alikuwa akikaa peke yake, mtaa wa Mwanga mjini Kigoma. "Askari wa Zaire hawalipwi mshahara. Wanaovuka kuja huku ndio wanaosema. Mtu hajala, utampa kokwa za nini?"

"Wewe pima choo, bwana afya. Nchi niachie mimi."

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa, na Eliakimu akacheka pia, kwa adabu.

Siku hizohizo Semeni alituma salamu kwa watu wa boti: Jumamosi asubuhi mumewe awe Bangwe, ufukweni Kigoma, kwenye redio ya upepo ya Rozalia, mama aliyewatoza watu fedha ili wazungumze na ng'ambo, atazungumza naye. Nassib alinyoa ndevu. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kana kwamba mawimbi ya hewani yana macho, akaenda. Wawili wa barazani wakamfuata kwa kupenda habari.

Redio ile ilikuwa mezani katika chumba kimoja kidogo kilichojaa wachuuzi wa dagaa, mawakala wa boti na wanawake waliongoja zamu zao. Kilichosemwa pale kilisikiwa na wote chumbani, tena kilisikiwa na kila mwenye redio kama ile kuanzia Bujumbura hadi Kalemie. Watu waliulizana bei ya mawese na kutangaziana misiba, na kila aliyemaliza alisema "ova" ili upande wa pili ujibu. Mambo ya ndani ya nyumba hayakusemwa.

Sauti ya Semeni ilifika imekwaruzwa, lakini ilikuwa yake. Nassib akashika ukingo wa meza.

"Baba Tausi, huku hali si nzuri. Usiku tunasikia mizinga. Mjomba Selestini analeta familia yake Kigoma kesho kutwa kwa boti. Ametuwekea nafasi mbili, mimi na mama. Mama bado anatembea na fimbo. Naye anasema tufanye utakavyosema wewe. Tuje, au tungoje? Ova."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Njooni. Silabi tatu tu, na nyumba ingekuwa na watu tena. Alitaka kumwambia kwamba amechoka kula peke yake, kwamba upande wa mkewe kitandani bado hajaugusa. Lakini angeyasemaje hayo, Bujumbura wakisikiliza? Mwanamume wa Ujiji hatangazi upweke wake kama bei ya dagaa. Halafu wale wawili wa barazani walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja wao akasema kwa kuchekelea, "Mheshimiwa Waziri, mpe hesabu!"

Na mheshimiwa akatoa hesabu.

"Semeni, nisikilize. Zaire ni mara mbili ya Tanzania na zaidi. Ina shaba, ina almasi, ina wakubwa wa dunia nyuma yake. Nchi ya namna hiyo haiangushwi na watu wa milimani. Yatapita. Msimtese mama kwa mawimbi bure. Kaeni hukohuko. Ova."

Redio ikakoroma.

"Nimesikia, Baba Tausi. Ova."

Wale wawili walimpongeza njia nzima. Alipofungua mlango wa nyumba yake, pongezi zikabaki nje.

Selestini alifika kweli na boti lake. Kwenye nafasi zile mbili alikuwa amepakia mbuzi na cherehani. Nassib alimtania ufukweni mbele ya watu, "Mjomba, umekimbia mizinga au umeleta mbuzi sokoni?" Selestini akaendelea kushusha watoto.

Kabla mwezi haujaandama tena, redio ikatangaza kwamba Uvira imeanguka. Wanajeshi wa ile nchi kubwa walikuwa wametangulia kukimbia, na walipokuwa wakikimbia walipora baiskeli za raia. Nassib aliisikia habari hiyo akiwa amepiga magoti, anapuliza moto. Akaendelea kupuliza muda mrefu baada ya moto kuwaka.

Hakwenda tena barazani. Jioni ya siku ile Eliakimu alikuja mpaka mlangoni kwake, hakuingia, hakusema 'si nilikuambia'. Alisema, "Pole, mzee wangu," akasimama kidogo, akaondoka. Nassib angependa akae. Hakujua jinsi ya kumwomba.

Bangwe alikwenda kila siku. Rozalia hakumtoza tena. Alibonyeza na kuita, "Uvira, Uvira, hapa Kigoma, ova," na redio ikajibu kwa sauti kama ya mchanga unaochekechwa. Mdomo ulimponza mwenyewe, hilo alilijua, lakini methali husema mdomo huponza kichwa cha mwenye mdomo. Haikumwambia afanyeje mdomo unapoponza kichwa cha mwingine.

Kisha maboti yakaanza kuja kwa wingi. Yalikuja yamekaa chini majini kwa uzito wa watu, magodoro, masufuria, wazee waliobebwa mgongoni. Nassib alitembea ufukweni kuanzia asubuhi, akichungulia nyuso, akiuliza: wa Uvira? Mmemwona Semeni, binti wa bibi fulani wa karibu na soko? Wengine walimjibu kwa Kibembe, wengine walimtazama tu. Walikuwa wamezoea watu wanaotafuta watu.

Alimwona Semeni kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, si ufukweni. Kulikuwa na mstari mrefu kuelekea kwenye meza ya mwandikishaji, na nyuma ya meza malori yaliyokuwa yakipeleka watu kambini Nyarugusu. Alisimama katikati ya mstari, amevaa koti la kiume lisilokuwa na kifungo, amekonda hadi shingo. Alikuwa peke yake.

Nassib akakimbia. Mzee wa umri ule, na kanzu yake, akakimbia mbele za watu.

"Semeni! Mama Tausi!"

Akageuka. Hakushtuka.

"Shikamoo, mzee Nassib," akasema.

Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa akimwita Baba Tausi. Shikamoo ile ilikuwa ya kumpa mzee yeyote unayekutana naye njiani.

"Mama yuko wapi?"

"Tulimzika huko mjini Baraka, kusini ya Uvira. Kando ya barabara." Aliongea taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Uvira ilipovamiwa hakukuwa na boti tena. Tukatembea na watu. Fimbo ikavunjika, nikambeba. Nikichoka, tunakaa. Njiani hakukulaumu hata mara moja. Wakisema watu nchi imekwisha, yeye anawajibu, 'Mkwe wangu ni msomi, anazijua nchi zote, amesema hii haianguki.' Alikuwa akijivunia wewe. Mpaka siku ile anafariki alikuwa anauliza kama wanajeshi wameshageuka kurudi."

Mstari ukasogea, Nassib akasogea nao.

"Turudi nyumbani," akasema kwa sauti kubwa, na watu wakageuka, na hakujali tena nani anasikia. "Sikusema siku ile kwa sababu ya watu. Nilitaka uje. Kila siku nilitaka uje. Siwezi nyumba ile peke yangu, Semeni."

Macho ya Semeni yalijaa machozi, na Nassib akadhani ameshinda.

"Najua," akasema. "Hata kule redioni nilijua, nawe ukawachagua watu. Ndiyo maana siwezi."

Wakafika mezani. Mwandikishaji alikuwa Joanitha, dada wa Bukoba aliyehamishiwa Kigoma, sauti imemkauka kwa maswali yaleyale.

"Jina, mama?"

Semeni akataja jina lake na la baba yake, na mahali alipozaliwa. Jina la mumewe hakulitaja.

"Una ndugu hapa Kigoma wa kukupokea?"

Nassib alisimama pale pale, bega kwa bega naye. Mama mmoja nyuma yao akanyamazisha mtoto ili asikie.

"Sina," Semeni akasema. "Mjomba wangu alikuwepo, nasikia ametangulia Nyarugusu. Nipelekeni huko."

Joanitha akaandika, akamwonyesha lori. Semeni akakaza koti lake, akaenda. Kijana mmoja juu ya lori alimpa mkono, akapanda, akakaa kwenye gunia katikati ya watu wa kwao, na hakuangalia nyuma, wala hakujificha.

Nassib alikuwa bado amesimama mbele ya meza. Mstari ukasubiri nyuma yake.

"Na wewe, mzee?" Joanitha akauliza. "Umevuka leo?"

"Hapana. Mimi ni wa hapa. Ujiji."

"Una nyumba?"

"Ninayo."

"Haijabomolewa? Iko salama?"

"Iko salama."

Dada wa watu alikuwa amechoka, na hakuwa na ubaya wowote. Alimwonyesha njia kwa kalamu.

"Basi, mzee wangu, wapishe wenzako. Nenda nyumbani."

Na Nassib akaenda nyumbani.