Amri ya Kunong'ona

Mkuu wa ofisi ya ustawi wa jamii aliporudi kutoka semina, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita seremala ang'oe milango. Iling'olewa ya vyumba vya maafisa, ukang'olewa wa chumba cha faili, hata wa kijichumba chenye birika la chai. Wa choo ndio uliosalimika, tena baada ya wanawake wa ofisi kusimama mbele yake wamepangana kama mabeki wanaosubiri mpira wa adhabu.

"Mteja wetu ameshafungiwa vya kutosha maishani," mkuu alieleza, macho yakimng'aa. "Akija hapa asikute mlango wa kumtisha. Na kuanzia leo, jamani, ni sauti ya chini tu. Mtu mwenye kiwewe akisikia kelele, jeraha la nafsi linafumuka upya."

Ofisi nzima ikageuka kumtazama mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa afisa mkongwe waliyemwita Baragumu, na jina hilo hakulipata kwa hisani. Aliweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya soko, na mtu akaitika. Akipiga simu, wenzake walimuuliza simu ya nini na dirisha lipo. Alikuwa ameolewa, ameachika, amezika, amehamishwa vituo hata hesabu akaipoteza, na katika yote hayo sauti ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

"Bosi," alisema, "na mimi nikinyamaza, nani atajua nimekuja kazini?"

"Tutakuona, mama."

Basi Baragumu akaanza kunong'ona. Alinong'ona kama gurudumu linalovuja upepo. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya wajukuu zake alimsikiliza kwa huruma, akaenda zake, kesho yake akamletea dawa ya koo. Mlinzi wa getini, aliyeamriwa kuficha rungu na kutabasamu, alitabasamu asubuhi hadi jioni kama mtu anayeumwa jino, mpaka wapita njia wakawa wanahamia upande wa pili wa barabara. Mfagizi naye hakubaki nyuma. Kabla ya kupiga deki alikuwa akiinama na kuuliza, "Samahani mpendwa, unaridhia nipitishe tambara karibu na mguu wako?" Wateja wakatazamana. Mama mmoja akauliza kwa upole kama ofisi imefiwa.

Na benchi la wanaosubiri je? Milango ilipoondoka, benchi likageuka mahakama ya rufaa. Baba akisema chumbani kwamba hana kazi ndiyo maana hapeleki matumizi ya mtoto, jibu linatoka nje.

"Muongo! Jana tu nimemuona ananunua viatu!"

"Wewe inakuhusu nini?"

"Ingekuwa hainihusu mngeweka mlango!"

Baragumu angecheka tu na kuyaacha yapite, kama si yule fundi cherehani.

Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyekosa pini mbili tatu zilizochomekwa kwenye ukosi wa gauni. Binti yake wa miaka sita alikuwa makao ya watoto tangu siku ambayo mume alimvunja mama mkono mbele ya mtoto. Sasa mume alikuwa gerezani, mkono umeunga, mama amepanga chumba chake na kushona anashona. Kilichobaki ni mazungumzo tu: afisa amsikilize, ayapeleke maelezo mbele ya kamati, kamati iamue. Bila maelezo hayo, mtoto angehamishiwa makao ya mji wa mbali, kwa kuwa haya ya hapa yalikuwa yamejaa hadi pomoni. Na kamati ilikuwa inakaa leo, saa nane mchana.

Lakini fundi huyu alikuwa ameshakuja mara mbili, na mara zote mbili alitoka mbio kabla hajasema neno. Na mara zote mbili Baragumu alikuwa amenong'ona vizuri kabisa, kwa kuifuata semina neno kwa neno.

Leo Baragumu alijiandaa kama bibi harusi. Alifuta meza, akakiweka kiti cha mgeni karibu na pale mlango ulipokuwa, akaenda kuliomba benchi lizibe masikio. Benchi likaapa. Fundi alipoingia na kuketi kwenye ncha ya kiti, Baragumu aliinama kumsogelea, akaishusha sauti mpaka chini kabisa.

"Karibu, mwanangu. Kaa tu. Hakuna haraka."

Uso wa fundi ukakauka. Akasimama. Kabla Baragumu hajanyoosha mgongo, kiti kilikuwa kitupu.

"Keshaondoka tena!" benchi likatangaza.

Baragumu akakitazama kile kiti. Akamuona mtoto wa miaka sita anapandishwa gari na kifurushi chake cha nguo, anauliza wanakokwenda. Uzalendo ukamshinda. Akatoka mkuku, pindo la gauni likanasa kwenye bawaba iliyoachwa kwenye fremu, likafumuka urefu wa mkono mzima, wala hakujali. Alipofika uani akavuta pumzi yote aliyoibania tangu semina.

"WEWE BINTI! SIMAMA HAPO HAPO!"

Njiwa wakaruka kutoka paani. Muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akainua mikono juu. Dirishani, mkuu wa ofisi akajishika kichwa.

Fundi alisimama, mkono wake uko kwenye komeo la geti. Akageuka taratibu.

"Kumbe sauti unayo?"

"Ninayo, mama. Nimekatazwa."

"Nani kakukataza?"

"Semina."

Fundi akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. "Basi nisemeshe hivyo hivyo. Usininong'oneze tena, nakuomba. Yule bwana hakuwahi kupiga kelele hata siku moja. Majirani walimsifu, mume mpole, hata mlango haubamizi. Akikasirika alikuwa anashusha sauti. Anakuja hapa sikioni. 'Kaa tu. Hakuna haraka.' Ukishasikia hivyo…"

Hakumalizia, na Baragumu hakumdai amalizie. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Bila shaka na wao kati yao alikuwepo aliyewahi kuolewa na bwana wa aina hiyo.

Mkuu alifika anahema, tai imempanda begani. "Mama, si tulikubaliana? Kanuni inasema—"

"Kanuni inasema tusimtishe mtu, bosi. Huyu anatishwa na kanuni."

"Lakini mtaalamu alituambia kelele ndizo—"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo kweli. Sasa si umuulize kwanza aliumwa na nyoka gani?"

Lazima tumpe haki yake: wakubwa wengine hapo wangetafuta cha kutetea. Mkuu alimgeukia fundi, akasimama kwa mbali, geti akaliacha nyuma ya fundi bila kulizuia. "Samahani, dada. Ungependa tufanyeje?"

Fundi akashangaa. Alikuwa ameshaulizwa jina, umri, kipato na tarehe ya kuvunjika mkono. Hilo la leo lilikuwa jipya. Akafikiri.

"Mle ndani siingii. Lile benchi lina masikio kuliko watu. Niketi mahali nina ukuta mgongoni. Na nipewe kazi ya mikono. Mikono ikikaa bure, mdomo unakwama." Akalitazama gauni la Baragumu, akasikitika kama daktari. "Hilo pindo lako, mama, ni aibu. Ukinipa hilo nitasema."

Wakaenda nyuma ya ofisi, kwenye kivuli ambako milango iliyong'olewa ilikuwa imeegemezwa. Mkuu mwenyewe akabeba kiti na kigoda. Mlinzi akarudishiwa rungu lake ili alizuie benchi lisije kusaidia. Akaacha kutabasamu papo hapo, na uso wake ukapendeza. Fundi akaketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, akatoa sindano na uzi pochini, akalivuta pindo la Baragumu mapajani mwake.

"Usitikisike. Nitakuchoma."

"Yaani leo mimi ndiye nisiyeweza kukimbia?"

Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kutotumika muda mrefu. Kisha, mshono mmoja baada ya mwingine, akaanza kusema.

Aliyoyasema hayatasimuliwa hapa, maana alikubali kuyasema mara moja tu na yeye ndiye mwenye nayo. Alipotaka kunyamaza alinyamaza, akashona, akaendelea. Baragumu alichangia "ehe!" na "mh!" kwa sauti yake ile ya kuvuka soko, hivyo benchi lilipata "ehe" zote na halikupata kingine, na "ehe" peke yake haitoshi hata kwa umbea wa dakika tano. Fundi alipokata uzi kwa meno, pindo lilikuwa limenyooka kuliko lilivyotoka dukani.

Saa nane wakaingia ukumbini, jengo la pili. Wanakamati walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba; bwana mmoja aliyevaa koti; na nesi wa zahanati. Baragumu akawasomea maelezo. Mwenyekiti akasikiliza, kisha akagonga meza kwa kalamu.

"Vizuri. Sasa tusikie kwa kinywa chake. Binti, anzia mwanzo."

Mkono wa fundi ukaenda ukosini, kwenye pini.

"Mwenyekiti," Baragumu akasema, "mwanzo ameshausema. Amenipa niubebe mimi, na nimewaletea wote, sikudondosha kitu."

"Utaratibu ni mhusika aeleze mwenyewe."

Mkuu akakohoa. Jasho lilimtiririka kama aliyetoka kubeba gunia. "Huo utaratibu… tumeubadilisha, mwalimu."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani, mtazamo uliowahi kunyamazisha madarasa mazima. "Kwa hiyo mimi nimekuja kukaa? Nimuulize nini basi?"

Baragumu akamgeukia fundi. "Mama, unataka akuulize nini?"

"Aniulize ya mbele," fundi akasema. "Ya nyuma yameshafika."

Wakamuuliza ya mbele. Alijibu kwa sauti iliyonyooka: chumba kina dirisha na komeo zuri, kitanda kidogo kipo, shule iko mtaa uleule, mama mwenye nyumba ana wajukuu rika moja na binti. Bwana wa koti alipouliza kama kazi anazo za kutosha, alimwambia, "Zipo. Na hilo koti lako, baba, bega la kushoto limeshuka. Niletee." Nesi akaficha kicheko ndani ya kiganja.

Kisha mwenyekiti akasema watashauriana. Vichwa vitatu vikakutana juu ya meza, wakaanza kunong'ona.

Fundi akaganda. Kiti chake kikakwaruza sakafu. Macho yakaenda mlangoni.

"Mwenyekiti!" Baragumu akanguruma. "Naomba mpaze sauti!"

"Haya ni mashauriano ya siri, mama!"

"Siri gani, na mtoto ni wake? Mkinong'ona huyu atatoka. Akitoka mtaandika amekimbia, na mtoto atapanda gari. Semeni tu, asikie. Kama ni baya, asikie."

Mwenyekiti akavua miwani. Akamtazama fundi, safari hii bila kioo katikati. Akaiona ile mikono iliyoshika ukingo wa kiti.

"Haya," akasema. "Kwa sauti, jamani. Kama darasani."

Wakaanza kushauriana kama watoto wanaosoma kwa zamu.

"Mimi nasema… kipato chake ni kidogo," bwana wa koti alianza, kisha akainua macho, akakuta fundi anamtazama. "Kidogo, lakini kipo."

"Ongeza sauti."

"KIPO!"

"Na yule mume akitoka?" nesi akauliza kwa nguvu, akiona haya.

"Bado ana miaka ya kifungo," mkuu akajibu. "Na kabla hajatoka tutaarifiwa. Mama ataarifiwa wa kwanza, hilo nalisimamia mimi."

"Mimi naafiki," nesi akasema.

"NAAFIKI!" bwana wa koti akapiga kelele, sasa ameshaizoea.

Mwenyekiti akarudisha miwani. "Mtoto arudi kwa mama yake. Leo."

Fundi akabaki ameketi. "Leo leo?" akauliza. "Mbona sijafagia! Vipande vya vitambaa chumba kizima."

"Si ukafagie naye!" mwalimu akafoka, mpaka mwenyewe akashtuka, akajiziba mdomo.

Lakini fundi alikuwa ameshasimama na kuokota pochi, ameshafika koridoni, na hakuna aliyemwita arudi.