Mlango Mdogo wa Sauvarrac

Mwenyekiti wa kamati yetu, Eliakim, alitaka kanisa la Kifaransa. Jengo letu la Bloomington, huku Marekani, zamani lilikuwa duka la mazulia. Lina dari ya bati na milango ya vioo inayojifungua yenyewe, na siku za joto pua bado inakuambia kuna zulia limelowa mahali. Eliakim alikwenda Paris siku nne kwa mkutano wa kazi, akarudi na picha mia mbili za makanisa, na kila picha yeye yuko mbele. Tangu hapo hakutulia. Akachora tao lenye ncha, la povu gumu lililopakwa rangi ya mawe, libandikwe juu ya ile milango ya vioo.

"Watu wakipita barabarani wajue hapa kuna Mungu," alisema.

Kana kwamba Mungu alikuwa akingoja povu.

Pamoja na tao alileta utaratibu mpya. Ibada yetu hurushwa mtandaoni, na kamera inatazama mlango mkubwa. Sisi tunaotoka zamu za usiku kwenye nyumba za wazee tunafika asubuhi na sare za kazi, viatu vya mpira, macho mekundu. Eliakim aliona tunachafua picha. Akapendekeza tupitie mlango wa nyuma, ule wa kupakulia mazulia, tukae viti vya mwisho. Jambo hilo, pamoja na tao, lingepigiwa kura Jumapili ya pili ya Machi, baada ya ibada.

Mimi ningepita hata dirishani. Nina miaka hamsini na minane na nimeshapita pabaya zaidi. Niliyemwogopea ni Kirezi, msichana ninayefanya naye kazi ya kuogesha wazee. Alikulia kambi ya wakimbizi, akipanga foleni za nyuma tangu ajue kutembea. Nilimbembeleza miezi minane ndipo akakubali kuja kusali nasi. Nilijua siku atakapoelekezwa mlango wa mazulia, hatarudi, si kwetu tu, pengine kwa Mungu pia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi mchana.

Eliakim akanifuata mwenyewe.

"Dada Dinah, nasikia jioni unasoma habari za makanisa ya kale pale chuoni."

"Nasoma, Mwenyekiti."

"Vizuri sana. Siku ya kura utupe dakika kumi. Kanisa moja tu. Watu waone tao si kitu cha kuokota njiani."

"Nichague lolote?"

"Lolote, mradi la Ufaransa."

Nilisali siku tatu juu ya uchaguzi huo, na nakiri sala zangu zilikuwa na misumari ndani. Nikachagua Sauvarrac, mji mdogo wa kusini-magharibi ambao hata Wafaransa hawaujui.

Jumapili ikafika. Nikasimama na projekta, miguu ikiniuma kutoka zamuni. Niliwaonyesha ukumbi wa kanisa, ulioanzwa kujengwa karne ya kumi na mbili: matao ya duara, kuta nene kama urefu wa mtu aliyelala, madirisha membamba kwa sababu mjenzi aliogopa kutoboa ukuta unaobeba paa la mawe. Niliwaonyesha jinsi paa lile lilivyoanguka hata hivyo, na jinsi lilivyorudishwa kwa mbao za mwaloni. Niliwaonyesha mnara, ulioongezwa miaka mia mbili baadaye kwa sababu mji jirani ulikuwa na mrefu zaidi. Tao lenye ncha la mnara huo lilipotokea ukutani, Eliakim alipiga makofi peke yake.

Kisha nikaweka picha ya mlango mdogo. Uko ubavuni, upande wa kaskazini, mfupi kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame.

"Huu ulikuwa wa watu walioitwa Kagoti," nikasema. "Walikuwa Wakristo kama wenzao, rangi ileile, lugha ileile. Hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini walidharauliwa. Walikuwa na maji yao ya baraka, wasiguse ya wengine. Mkate wa ushirika walipewa kwenye ncha ya fimbo."

Nikanyamaza, nikingoja aibu iingie chumbani. Walimu wa jioni hunyamaza hivyo, na darasa huelewa. Lakini darasa halina kamati.

Eliakim aliruka kutoka kitini uso uking'aa. "Mmesikia? Karne ya kumi na mbili! Wafaransa tayari wana milango miwili, na sisi tulidhani tumebuni!"

"Amina!" wakaitikia.

"Na maji tofauti," akaongeza Mzee Muriuki, katibu wa kamati, akitikisa kichwa kwa heshima. "Hiyo ni afya ya umma. Wenzetu waliwahi."

"Fimbo tu ndiyo sijaipenda," akasema Joan, mkewe Eliakim. "Labda kijiko."

Nilitazama nyuso zile moja moja. Mwambie mtu wetu jambo baya, atalikataa. Mwambie lilifanyika Ulaya, atauliza linauzwa wapi. Kwa dakika kumi zangu nilikuwa nimewajengea mlango niliokuja kuuvunja.

Kirezi akasimama. Alikuwa bado na sare, jina lake kifuani.

"Mama Dinah, hilo paa la mbao, alilijenga nani?"

"Kagoti. Walikuwa maseremala. Kazi nyingine walikatazwa."

"Yaani huyo mtu humgusi, lakini unalala chini ya paa lake?"

"Hawakulala, walisali."

"Kwa mahubiri marefu kama ya hapa? Walilala."

Wachache walicheka, wa viti vya nyuma. Eliakim akasema muda umekwisha, tunyooshe mikono. Wa zamu za usiku wengi walikuwa wameshakwenda nyumbani kulala baada ya ibada, kama kamati ilivyojua. Arobaini na watatu wakakubali, kumi na tisa tukakataa. Tao na mlango vikapita pamoja.

Kirezi akachukua mkoba wake. Akatembea katikati ya ukumbi, polepole, mbele ya kamera, hadi milango ya vioo ikajifungua yenyewe. Nilikuwa bado nimeshika rimoti ya projekta. Nikaiweka mikononi mwa Mzee Muriuki, nikamfuata. Nyuma yangu nilisikia viti vikisogea.

Nje tulikuwa kumi na mmoja, kwenye theluji iliyoyeyuka nusu, kati ya magari. Kirezi hakuwa amekwenda. Alikuwa amesimama karibu na gari langu akipuliza vidole.

"Umenileta kusali," akaniambia. "Sasa?"

"Sasa tusali."

"Hapa?"

"Una mahali pengine?"

Akawa wa kwanza kuinamisha kichwa. Tulipokuwa tukishikana mikono, Eliakim alichungulia mlangoni. "Dada Dinah! Rudini jamani, chai imeshamiminwa. Mnatuaibisha mbele ya majirani!"

Hakuna aliyegeuka. Tuliwaombea wagonjwa, tukawaombea wazee tuliowaacha vitandani asubuhi ile, tukaombea makaratasi ya ukaazi ya Kirezi. Eliakim sikumwombea. Labda Jumapili ijayo, Mungu akinilainisha, na sina haraka.