Alama Mia za Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu wa zimamoto ni mtu wa kujisikia, na sijawahi kuficha kwamba simpendi. Mimi ni fundi wa redio. Nilimweleza mara tatu: msituni hakuna mnara, kila redio hupokea ujumbe na kuupasia redio ya jirani mpaka umfikie mwenyewe. Kwa kuwa watu wanahamahama, mtambo huipa kila redio alama kulingana na jumbe ilizofikisha, kisha hupitisha ujumbe kwa zenye alama za juu.

Mpishi wa kambi, asiyebanduka jikoni kwake, alikuwa na tisini na sita kati ya mia. Mkurugenzi, anayezurura na gari redio kaizima eti inampigia kelele, alikuwa na kumi na mbili.

"Mpishi anizidi mimi?" aliuliza, akigonga meza yangu kwa funguo. "Niandikie mia."

"Mkuu, hizi hazitolewi kwa cheo."

"Niandikie mia, dada, tusipotezeane muda."

Nikaandika, nikaifunga alama isishuke.

Wiki ile ile upepo uligeuka. Mdogo wangu, naye mzimamoto, na wenzake wanne walikuwa bondeni, moto ukiwajia kwa nyuma. Nikatuma: "Tokeni upande wa mto, sasa hivi." Kioo kikaonyesha ujumbe umeelekezwa kwa bwana mkubwa mwenye mia yake. Haukwenda mbele. Nikatuma tena, ukafia huko huko. Baadaye nilisikia alikuwa ameegesha kivulini, redio kaizima, kalaza kiti, anakoroma.

Kuifuta redio yake kwenye mtandao wetu ni kubonyeza mara mbili tu. Lakini kumfuta mkurugenzi ni kufukuzwa kazi, kwa hiyo kwa dakika kumi na moja nilikaa nikimwita ajibu. Kisha nikamfuta. Ujumbe ukapita kwa mpishi, ukafika papo hapo.

Wote watano walitoka. Wodini mdogo wangu alikuwa amefungwa bandeji mikono yote miwili hadi viwikoni. Mkurugenzi alisimama miguuni pa kitanda, akatangaza kwamba mtandao wetu ni wa kuaminika, akaondoka kabla ya muuguzi kuleta kiti. Nilimsonya akiwa bado mlangoni.

"Mpuuzi yule," nikasema. "Redio yake ilikuwa na mia ya bure."

"Nani alimpa?" mdogo wangu akauliza.

Nikamwambia. Na zile dakika kumi na moja pia nikamwambia. Aligeuzia uso ukutani, na tangu siku ile haniiti dada.