Godlisten wa Digrii Nne

Kwa taarifa yenu, kuanzia Kawe mpaka Mbweni hakukuwa na timu ya kutengeneza vifaa iliyokuwa makini kama ya kina Ansbert. Kitu hakikutoka pale bila kupimwa, kupimwa tena, halafu kupimwa na mtu asiyempenda yule aliyekipima mwanzo.

Jumatatu moja asubuhi timu ilikuwa kwenye kikao cha kusimama. Kikao hicho hufanyika kila siku, watu wote wima, ili kiishe haraka. Bosi Ansbert alijifunza utaratibu huo kwenye kozi ya mtandaoni. Yeye mwenyewe hukaa, kwa sababu ya mgongo. Ofisi ilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga kule Mbweni, na meza ya kulia chakula ndiyo ilikuwa maabara, imejaa nyaya, vipande vya risasi ya kuchomelea na maganda ya karanga.

Walitengeneza kifaa kimoja tu: kidude cheupe, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia, kinachobandikwa nje ya friji za chanjo kwenye zahanati. Waya wenye kihisi joto unaingia ndani ya friji, na kidude kinaonyesha namba kwenye kioo chake. Chanjo inataka kukaa kati ya digrii mbili na nane. Joto likizidi hapo, kidude kinatakiwa kupiga kelele na kumtumia nesi meseji.

"Godlisten, jana ulifanya nini?" Ansbert aliuliza.

"Niliandika programu."

"Na leo?"

"Naandika programu."

"Kuna kitu kinakukwamisha?"

"Mwili umepoa, bosi."

"Hiyo si ya kikao. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Mudathir, fundi wa saketi. Alimshika Godlisten mkono, akauachia kama mtu aliyeshika samaki wa kwenye barafu. Akachukua kihisi kutoka mezani, akakibana kwenye kwapa la mwenzake, akasubiri, akasoma.

"Nne," alisema. Kisha akaeleza alichofanya jana, maana ilikuwa zamu yake.

Chanzo kilijulikana kabla ya chai. Siku wafadhili walipokuja kuangalia kifaa kwa mara ya kwanza, kihisi kiligoma. Kilikuwa kinasema digrii themanini na tano, joto la supu, na wageni walishafika getini. Godlisten akafuta yale maelekezo ya kukiuliza kihisi, akaandika mstari mmoja mahali pake: sema nne. Juu ya mstari akaandika maneno ambayo watu wa kazi hiyo wote huandika: "Ya muda tu, itatolewa kesho." Maneno hayo yana uzito uleule wa "nipo njiani" ya mtu ambaye bado yuko bafuni. Wafadhili walipiga makofi. Kesho ilifika, ikapita, na vidude vikapelekwa Temeke, Kawe, Buguruni na mikoani, vyote vinasema nne. Kwa hiyo kuhusu ule umakini niliousifia hapo juu, msinishike shati.

Digrii nne ilikuwa imeahidiwa sehemu nyingi mno, ikabidi iwe ya kweli mahali fulani. Ikamchagua aliyeisema.

Daktari alimpima Godlisten akamkuta mzima. Moyo ulidunda, choo alipata, hamu ya ndizi nyama ilikuwa palepale. Mke wake, Gladness, alinunua blanketi la pili kisha akalalamika kwamba linamzidishia mumewe ubaridi badala ya kuupunguza, akahamia kulala na watoto. Huko ofisini mambo yalienda vizuri. Mudathir alimwegesha mgongoni chupa ya juisi ya miwa. Ansbert aliweka mtindi wake kwenye mapaja ya mfanyakazi wake wakati kikao kinaendelea, na umeme ulipokatika hakuna aliyekwenda dukani kutafuta barafu.

"Ukiangalia vizuri, bro," Ansbert alimwambia, "hii siyo hitilafu. Wewe ni ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi."

"Bosi, nimeshaandika mstari mpya. Kihisi sasa kinaulizwa, na kinajibu vizuri. Nibonyeze tu kitufe, uende kwenye vidude vyote kwa mtandao."

"Ukituma, vidude vyote nchi nzima vitaanza kupiga kelele siku moja."

"Si kwa sababu mafriji mengine ni mabovu?"

"Umeona? Umejijibu mwenyewe." Ansbert akalamba kijiko. "Sasa hivi wote wanaona nne, wote wana amani. Unataka kuwaondolea watu amani?"

Godlisten hakutuma. Kidole kilikuwa baridi na kitufe kilikuwa mbali, ndivyo alivyosema. Nyie mtaamua.

Wiki hiyohiyo sista Tabu aliingia ofisini, ametoka Buguruni, na sare yake ya unesi bado imepigwa pasi licha ya safari. Ni mama wa makamo, msimamizi wa chanjo kwenye zahanati moja kule. Kila mtu alisema shikamoo. Aliitika moja tu kwa wote, akamwaga vichupa juu ya meza ya maabara.

"Someni."

Kwenye lebo ya kila kichupa kuna alama ndogo ya mraba, nyeupe, ambayo hugeuka nyeusi dawa ikikaa kwenye joto. Zote zilikuwa nyeusi tii.

"Hii ni surua," Tabu alisema. "Friji yangu imekufa, sijui tangu lini, maana kidude chenu kinasema nne. Nimeingiza mkono ndani kuna joto kama la ubwabwa. Kinasema nne. Keshokutwa ni kliniki, kina mama wanakuja na watoto. Chanjo mpya naletewa, lakini niziweke wapi? Na mtaani kwangu kuna mtoto ameshatokwa na vipele."

Ansbert alimsogezea kiti. Hakukaa.

"Mama, tunashukuru sana kwa maoni."

"Sikuleta maoni, baba. Nimeleta chanjo zilizokufa."

"Tutaleta suluhisho la muda."

Mudathir aliinua kichwa kusikia maneno hayo, kisha akakirudisha kwenye saketi. Ansbert akamwangalia Godlisten, ambaye mtindi ulikuwa bado mapajani pake, na uso wa bosi ukang'aa kama wa mtu aliyepata wazo bila kulilipia.

Siku ya kliniki Godlisten alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha chanjo Buguruni, shati limefunguliwa vifungo, vichupa vimepangwa mapajani, kwapani na kifuani, na taulo jeupe limefunika juu. Waya wa kidude aliushika mdomoni kama kijiti cha meno. Kidude kikasema nne, na kwa mara ya kwanza tangu kizaliwe kilikuwa kinasema kweli. Kina mama waliingia kwa foleni. Hakuna aliyeuliza. Mmoja tu alimsalimia, akamwomba asogee kidogo ili mwanawe apate feni. Tabu alichomoa kichupa kwapani, akaangalia alama, nyeupe, akachoma. Mtoto akalia kama kawaida ya watoto.

Ansbert alipiga picha ya tukio hilo na kuiweka kwenye ripoti ya wafadhili. Walifurahi sana kuona teknolojia ikiwa karibu na wananchi.

"Na zahanati nyingine?" Tabu alimuuliza kwenye simu, sauti imewekwa juu ili Godlisten naye asikie.

"Kwingine hawajalalamika, mama. Kioo kinasema nne."

Alikata yeye, Ansbert, akasema mtandao.

Basi ikawa hivyo. Godlisten akahamishiwa Buguruni kabisa. Jioni anarudi kwake na chanjo zilizobaki, analala nazo, asubuhi anazirudisha. Gladness amezoea, anazihesabia nafasi kitandani. Kule ofisini kikao cha kusimama kinaendelea, na yule mstari wa "sema nne" umo kila kidude kinachotoka mlangoni. Juu yake bado pameandikwa itatolewa kesho.

Mie nilifika pale zahanati kumpelekea Godlisten ndizi nyama, maana aliniomba, na mie ni mtu wa watu. Foleni ilikuwa ndefu. Kina mama wa kwenye benchi wakauliza huyu kaka kwenye kiti imekuwaje, nami nikawapa habari yote, kama nilivyowapa nyie. Nikawaeleza Ansbert alivyo na mgongo wa uongo. Nikamwigiza Mudathir anavyoinamia saketi asione dhambi. Wakacheka mpaka watoto wakaamka. Nikawaambia na Godlisten naye, kitufe kimoja tu kimemshinda, mwanaume mzima.

"Na wewe unayewajua hivyo, kazi yako ilikuwa nini pale ofisini?" mmoja akauliza.

"Mie? Mie nilikuwa mbeba ngazi tu wa mafundi, mama. Mambo ya programu siyajui hata yanafananaje."

Sista Tabu alikuwa mlangoni na bomba la sindano mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mbeba ngazi?" alisema. "Si wewe uliyekuja kunifungia kidude?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Friji ilikuwa haijachomekwa hata kwenye umeme, mlango wazi, kidude kinasema nne. Nikakuuliza, mwanangu, mbona kinasema nne na friji imezimwa? Ukanijibuje?"

Benchi zima likanigeukia. Godlisten alitoa waya mdomoni apate kusikia vizuri.

"Sikumbuki, mama."

"Ulicheka. Ukaniambia, 'Kitazoea.' Ukanipa kalamu nisaini nimepokea."

Nikasema kulikuwa na foleni ya kazi siku ile. Hakuna aliyecheka. Mama aliyekuwa jirani yangu alivuta mkono wa mtoto wake, uliokuwa umeegemea wangu, akaupuliza, akausugua kwenye kitenge. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Tabu alinishika kiganja, akakishikilia kidogo kama mtu anayechagua nyanya. Kisha akaenda ndani, akarudi na kiti cha pili cha plastiki na boksi la chanjo za Temeke, ambako nako friji ilikuwa imekufa.

"Kaa," alisema. "Fungua vifungo."