Tuta la Kwenye Kucha

Mifupa yenyewe haikujaza kiganja: kucha iliyopinda kama mundu, kipande cha kidole cha mguu na jino bovu. Kwa hayo tu nilitaka kuuambia ulimwengu kwamba aliwahi kuishi dinosau mwindaji asiyejulikana na mtu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wanasayansi wenzangu kibaba chao kina tundu.

Tegemeo langu lilikuwa tuta dogo ubavuni mwa kucha. Hakuna dinosau wa jamii ile mwenye tuta pale. Bila tuta, nilikuwa na mnyama anayejulikana tangu zamani. Nikiwa nalo, nilikuwa na aina mpya, na aina hiyo ingepewa jina la baba.

Baba alikuwa fundi wa visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, katika maabara hii hii. Watu walimwita Bwana Gundi. Kucha ile aliichomoa mwambani kwa mkono wake muda mfupi kabla hajafariki, na mama alishautangazia mtaa mzima habari za jina.

"Limetoka?" aliniuliza kila nilipompigia simu.

"Bado, mama."

"Hilo jina linakuja kwa kutambaa? Mimi nazeeka, ujue."

Siku ya kupiga picha za mwisho niliisafisha kucha kwa pamba yenye asetoni, dawa inayoyeyusha rangi na gundi. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Mfupa uliogeuka jiwe hautoi rangi.

Sheria ya kazi yetu hata mwanafunzi mgeni anaijua: ukiziba ufa, kiraka kiache na rangi yake, kionekane. Baba hakuivumilia. "Fundi gani anaacha mshono nje?" alikuwa akisema. Basi gundi ilifura juu ya ufa wa kucha, ikawa tuta, naye akaipaka rangi mpaka ikafanana na mfupa. Nilimkasirikia, marehemu na umarehemu wake.

"Baba, umenifanya nini?" nilisema peke yangu, kama mwendawazimu.

Ningeweza kuitupa ile pamba nikanyamaza. Niliwaza hivyo, tena si kidogo. Kisha nikaiweka kucha chini ya hadubini. Pale rangi ilipotoka, kwenye gundi, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Nikampigia mama.

"Hakuna aina mpya, mama. Lile tuta ni kiraka cha baba."

"Alikitia vizuri?"

"Vizuri mno. Ndiyo maana sikukiona. Kina alama ya kidole chake."

"Na lazima ukitoe?"

"Lazima."

"Usikiguse. Nakuja."

Alifika na kanga ya nyumbani, hakubadilisha hata viatu. Nikamwonyesha pa kuweka jicho. Aliinama pale muda mrefu, mkono wake ukishika ukingo wa meza.

"Ndiye," akasema.

Akajipangusa macho, akachukua pamba ya asetoni, akanipa.