Likizo ya Anthelme

Asubuhi ya Jumatatu, siku ya nne tangu Savoya iwe ya Ufaransa, Pernette Gravier alikuwa ghalani akigeuza maduara ya jibini na kuyapaka chumvi, akasikia mbwa wa kijiji wamenyamaza wote kwa pamoja. Alichungulia dirishani. Mababu wa mfalme walikuwa wanapanda barabara kutoka bondeni, wamejipanga mstari, wamevaa mavazi yale yale waliyozikwa nayo. Walikuwa ishirini na saba. Pernette alifunga dirisha ili vumbi lao lisiingie kwenye jibini.

Hapa Bramafort hakuna aliyeuliza wametokea wapi. Ukoo wao ulianzia katika milima hii, na kwa miaka mia nane ulikuwa ukizikana huku. Sasa mjukuu wao, mfalme wetu, alikuwa anataka Italia nzima. Kaizari wa Wafaransa alimpa askari wa kumsaidia kuitwaa, naye kwa shukrani akampa kaizari Savoya. Sisi wenyewe tuliulizwa. Tulipiga kura, na meya Truchet alisimama kando ya sanduku akitusaidia kukunja karatasi. Katika kuhamahama huko mfalme alibeba samani, saa na picha, akasahau makaburi. Ndipo mababu walipoamka siku hiyo wakajikuta wamelala nchi ya watu.

Meya Truchet alitoka kuwapokea akiwa na mshipi wake mpya wa rangi tatu. Jumatano alikuwa amemlilia mfalme, Ijumaa akamlilia kaizari, na mara zote mbili machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa Truchet ana macho mepesi tangu utotoni.

"Waheshimiwa wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Turino," alijibu yule wa mbele, mzee mrefu aliyepungukiwa taya. "Kwa mjukuu."

"Basi mtahitaji machela," alisema Colomban.

Colomban ni kaka yake Pernette, na ndiye mkuu wa wapagazi. Wanaume wa Bramafort wanaishi kwa kuvusha watu mlima. Kiti cha majani makavu kinafungwa juu ya miti miwili, wapagazi wanne wanaingia chini, na msafiri anavuka akiwa anasinzia. Wana mwiko mmoja, wa zamani kuliko barabara yenyewe: machela iliyopanda na mtu haishuki tupu. Ikishuka tupu, mpagazi mmoja hamalizi mwaka. Kwa hiyo wakikosa msafiri wa kurudi naye, wanapakia jiwe. Ukuta wote wa makaburi ya kanisa letu umejengwa kwa mawe ya namna hiyo.

Machela zilikuwa tisa, kwa hiyo ilibidi waende safari tatu, na hapo asubuhi ikaharibika. Mababu hawakukubaliana nani atangulie. Mwanzilishi alisema ni yeye, kwani bila yeye wengine wasingekuwapo. Aliyekufa mwisho alisema ni yeye, maana ndiye aliye jirani na kiti cha enzi. Meya alipendekeza wafuate herufi za majina, ikaonekana ukoo mzima umeishi kwa majina matatu tu. Mwisho Colomban alichoka.

"Wazee, mimi nabeba kwa uzito. Wepesi kwanza, wazito baadaye, miguu ikishapata moto. Asiyetaka atembee."

Walipanda kwa zamu. Hakuna aliyekuwa mzito.

Kule juu ya mlima palikuwa na vibanda viwili vya forodha, vyote vipya, bado vinanukia mbao. Kati yake palikuwa na hatua mia mbili za majani na nguzo moja ya mpaka. Kibanda cha huku alikaa Mfaransa, Fulgence, mtu wa nchi tambarare, mpole, mwenye mafua yasiyoisha. Aliwatazama mababu wakipita akaendelea kupangusa pua, kwa sababu kanuni zake zilihusu wanaoingia tu. Cha ng'ambo alikaa Quaglia, wa upande wa mfalme. Yeye alivua kofia.

"Karibuni nyumbani," alisema, wala hakuuliza karatasi.

Juu ya nguzo ya mpaka alikuwa ameketi Anthelme, mtoto wa pekee wa Pernette.

"Mjomba," alisema Anthelme.

"Umekonda," alisema Colomban.

Anthelme alikuwa ameuawa mwaka mmoja nyuma, mwezi wa sita, kwenye vita ya kumpatia mfalme Italia. Barua ilikuja. Pernette aliiweka chini ya mfuko wa chumvi, lakini kitanda cha kando ya jiko hakukivunja, kwa kuwa kijana alikuwa ameahidi kurudi kuvuna nyasi. Naye alikuwa na nia ya kutimiza ahadi, ila jeshini hakuna anayeondoka bila likizo, hata aliyekufa. Alipanga foleni mwaka mzima. Likizo iliposainiwa, alitembea kutoka uwanja ule wa vita hadi hapa, akafika siku tatu baada ya mpaka kuwekwa.

"Nataka nivune nyasi, halafu nilale kando ya baba," alisema. "Sitaki kingine, mjomba. Nimechoka."

"Panda, basi," alisema Colomban. "Machela haishuki tupu."

Walimshusha hatua mia mbili. Fulgence alitoka na daftari.

"Huyu ni nani?"

"Mpwa wangu. Anakwenda kwao, paa lile pale lenye moshi."

"Ana karatasi?"

Anthelme alitoa likizo yake. Fulgence aliisoma mbele na nyuma.

"Hii ni ya mfalme. Wenyeji wa Savoya walipewa mwaka mmoja wa kuchagua kuwa Wafaransa au kubaki na mfalme. Huyu alichagua lini?"

"Afande, alikuwa amekwisha kufa."

"Basi hakuchagua. Alikufa akiwa mtu wa mfalme, na mfalme amehama. Amfuate."

"Na wale wazee uliowaachia?"

"Wale walikuwa wanatoka."

Walimrudisha kwa Quaglia. Quaglia alisikitika kweli, akamkaribisha kahawa, lakini alimwambia kwamba aliyezaliwa Bramafort ni mtu wa Bramafort, na Bramafort ni Ufaransa.

"Mababu nao si walizaliwa huku?" aliuliza Colomban.

"Wale ni familia," alisema Quaglia.

Anthelme alirudi kukaa juu ya nguzo, mguu mmoja huku, mwingine kule. Wapagazi walipakia jiwe wakashuka.

Kesho yake Pernette alipanda mwenyewe akiwa na sufuria ya supu ya kabichi. Alimkuta mwanawe, akamfunga kifungo kimoja kilichobaki kwenye koti, juu ya tundu la risasi, kisha akaenda kwa Fulgence.

"Wewe una mama?"

"Ninaye, mama."

"Anajua kazi unayofanya?"

Fulgence alipenga kamasi. Alisema kanuni si zake. Pernette alimwambia kwa hasira kwamba mtu asiye na kanuni zake mwenyewe hana haja ya mafua yake mwenyewe pia. Alishuka. Alhamisi alipanda tena na supu, na Alhamisi iliyofuata, na zote zilizobaki za kiangazi hicho. Nyasi zilivunwa na majirani.

Meya aliandika maombi ya kijana kwa serikali mara mbili. Aliporudi kutoka posta alimshika Pernette mkono.

"Nimeandika kwa uchungu mkubwa, dada yangu. Nimelia juu ya karatasi, hata wino umechuruzika."

"Kwa hiyo wameshindwa kusoma."

"Inawezekana," alisema meya.

Theluji ilianguka. Anthelme hakuhisi baridi kama wanavyohisi wengine, lakini alisema upepo unapita kwenye tundu na unapiga mluzi, na mluzi unamnyima usingizi. Pernette aliliziba kwa sufu. Quaglia alikuwa akimletea habari za Turino. Mfalme alikuwa ametangazwa mfalme wa Italia, na bado aliitwa wa Pili, ingawa Italia haijapata kuwa na wa Kwanza.

"Kwa nini?" aliuliza Pernette.

"Ukoo, mama. Kuanza upya ni kuwakana mababu. Wapo pale ikulu, wamesimama kwenye korido kwa mpangilio. Wanalalamika mlango unaachwa wazi."

"Aliyefungua mlango amekaa hapa," alisema Pernette, akamkabidhi mwanawe kijiko.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, asubuhi moja ya jua, Fulgence alishuka kijijini pamoja na meya. Walimkuta Pernette ghalani. Meya alikuwa ameshalowa macho.

Katika Ufaransa, kijana akitimiza miaka ishirini huchukua namba kwenye chungu. Akipata namba kubwa anabaki kwao, akipata ndogo anakwenda jeshini miaka saba. Asipokuwapo, meya humchukulia. Katika daftari la ubatizo la Bramafort, waliozaliwa mwaka 1840 walikuwa vijana sita, na Anthelme Gravier alikuwa mmojawapo.

"Nilitia mkono nikiwa nimefumba macho," alisema meya. "Nilikuombea, dada. Nikatoa namba mbili."

"Mwanangu amekufa, Truchet. Wewe ndiye uliyenisomea barua."

"Barua ni ya serikali ya kigeni," alisema Fulgence kwa upole. "Haijathibitishwa. Kwetu huyu ni Mfaransa aliyezaliwa hapa, mwenye afya."

"Mwezi wa sita hakuwa Mfaransa."

"Mwezi wa sita alikuwa anaomba kuingia, mama. Sasa anaitwa." Aliweka karatasi juu ya jibini. "Na hii inamruhusu kuvuka."

Pernette aliishika karatasi siku nzima. Angeichana, mwanawe angebaki juu ya nguzo na mluzi wake. Angeipeleka, angempata nyumbani, na angempata kwa muda ambao karatasi ilitaja: saa mbili za kujitayarisha. Alipika supu. Aliipika na soseji, ambayo Alhamisi za kawaida haikuwamo. Asubuhi alipanda na wapagazi wanne na machela, kwa sababu alisema mtoto hatarudi kwao kwa miguu kama mchunga mbuzi.

Fulgence alisoma karatasi mbele na nyuma, akapiga muhuri, akasogea kando.

Bramafort nzima ilisimama milangoni. Anthelme aliwasalimu wote kwa majina, akaulizia ng'ombe. Ndani alikaa kwenye kitanda cha kando ya jiko, akala, ingawa chakula hakimsaidii kitu. Pernette alimwosha nywele kwa maji ya moto. Kisha alimwonyesha dirishani, makaburini, nafasi iliyo kando ya baba yake. Colomban alikuwa ameshaichimba ili iwe tayari.

"Lala hata kidogo tu," alisema. "Nitawaambia umetoroka."

Anthelme alitazama lile shimo kwa hamu kubwa. Mlangoni askari wawili wa kaizari walikuwa wakinywa divai waliyopewa na meya.

"Watakuchukulia nyumba, mama," alisema. "Miaka saba si mingi kwangu."

"Ni mingi kwangu."

Anthelme alibusu mikono ya mama yake, yenye chumvi kama siku zote, akaondoka katikati ya wale askari. Pernette alimfuata hadi darajani, na hapo akalia, kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata ile siku ya barua. Machela ilibaki mlangoni tupu. Colomban alitafuta jiwe la kuipakia, ingawa ilikuwa imeshuka na mtu.

Mwaka uliofuata walimpeleka Meksiko. Barua yake ilifika wakati wa nyasi.

"Mama mpendwa," aliandika, "mimi ni mzima kadiri unavyonijua. Wananiweka mstari wa mbele kila siku, maana wameona risasi hainiongezei wala hainipunguzii. Koti limejaa matundu, na ile sufu haitoshi. Nimeomba likizo nije kulala kando ya baba. Wamekubali, ila wanataka nilete cheti cha uzima kilichosainiwa na meya wangu. Mwambie afanye haraka."

Pernette alivua aproni, akaenda ofisini na barua. Meya Truchet aliisoma yote. Machozi yalimshuka hadi kwenye mshipi. Alitoa kalamu, akaichovya, kisha akairudisha mahali pake.

"Siwezi, dada yangu," alisema. "Ningependa, Mungu anajua. Lakini hii ni hati ya serikali, nami sijawahi kusaini uongo. Kijana amekufa, bonde zima linajua."

Pernette aliichukua barua. Alipita makaburini, akaondoa majani yaliyoangukia ndani ya lile shimo, akarudi ghalani kugeuza jibini.